Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar: michango ya wanasheria wa Serikali inasimamiwa na kuwekezwa vipi?

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

KILA mwezi, kabla mshahara wa mwanasheria wa Serikali haujaingia katika akaunti yake, sehemu yake hukatwa na kupelekwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF). Serikali, ikiwa mwajiri, huongeza mchango wake juu ya huo. Fedha hizo hazitaonekana tena mkononi mwa mtumishi mpaka atakapostaafu, atakapopata ulemavu au, akifariki, zitakapowafikia warithi wake. Kwa aliyeanza kazi akiwa kijana, hiyo ni safari ya miaka thelathini na zaidi. Makala hii inaeleza yanayotokea katika miaka hiyo.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba wanasheria wa Serikali hawana mfuko wao wa pekee. Wanaofanya kazi katika Afisi ya Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, katika Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka au katika vitengo vya sheria vya wizara huchangia mfuko uleule anaochangia mwalimu wa skuli ya Makunduchi na muuguzi wa Hospitali ya Mnazi Mmoja. Usalama wa pensheni ya mmoja umefungamana na usalama wa pensheni ya wote.

Mipaka ya Muungano

Hifadhi ya jamii haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa sababu hiyo Zanzibar ina mfuko wake na sheria yake, na Tanzania Bara ina mifuko yake. Utumishi katika Serikali ya Jamhuri ya Muungano, kwa upande mwengine, ni jambo la Muungano. Matokeo yake ni kwamba mawakili wawili waliosoma pamoja na wanaoishi mtaa mmoja wa Mji Mkongwe wanaweza kuwa wanachama wa mifuko tofauti. Aliyeajiriwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar huchangia ZSSF. Aliyeajiriwa na taasisi ya Serikali ya Muungano huchangia Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganishwa mifuko minne ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Mtumishi anayehama upande mmoja kwenda mwengine anapaswa kufuatilia kumbukumbu za uanachama wake mapema, wala asisubiri mwaka wa kustaafu.

Kutoka Hazina hadi Mfuko

Kabla ya mwaka 1998, pensheni ya mtumishi wa Serikali ya Zanzibar ililipwa moja kwa moja na Hazina. Mtumishi hakukatwa mchango, na Serikali haikuweka akiba kwa ajili yake. Wastaafu wa mwaka fulani walilipwa kwa mapato ya mwaka huohuo. Utaratibu huo ni mwepesi wakati wastaafu ni wachache, lakini huwa mzigo mkubwa wakati idadi yao inaongezeka na mapato ya nchi yanayumba.

ZSSF ilianzishwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 1998, na sheria hiyo ikaandikwa upya kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 2005. Msingi wake ni uchangiaji: mwajiriwa na mwajiri hutoa michango, fedha hukusanywa, huwekezwa, na mafao hulipwa kutokana na michango pamoja na faida ya uwekezaji. Mfuko haukuishia kwa watumishi wa umma. Waajiriwa wa sekta binafsi wamo, na watu waliojiajiri, wakiwemo mawakili wa kujitegemea, wana mpango wa hiari.

Hapa inafaa kutofautisha mafao ya Mfuko na Pensheni Jamii, ambayo Serikali ilianza kuwalipa wazee wote wenye umri wa miaka 70 na kuendelea mwezi Aprili 2016, kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa mwezi ambacho baadaye kilipandishwa. Pensheni Jamii hutoka katika bajeti ya Serikali na haimtaki mzee awe amechangia. Mafao ya ZSSF ni haki inayotokana na mchango.

Nani mwenye fedha?

Mfuko unaongozwa na Bodi ya Wadhamini, na shughuli za kila siku husimamiwa na Mkurugenzi Mwendeshaji. Neno «mdhamini» lina uzito wake katika sheria, na wanasheria wanalifahamu kuliko wengine. Mdhamini hushika mali kwa niaba ya mwenyewe. Hairuhusiwi aitumie kwa manufaa yake, wala aitoe kwa hisani, wala aiweke mahali penye hatari ambayo mtu mwangalifu asingeikubali kwa mali ya amana aliyokabidhiwa.

Hesabu za Mfuko hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali Zanzibar, na ripoti zake hufika katika Baraza la Wawakilishi. Mbali na ukaguzi huo wa kila mwaka, mifuko ya aina hii hufanyiwa tathmini ya uhai wa mfuko. Ukaguzi huuliza kama fedha za mwaka uliopita zilitumika ipasavyo. Tathmini ya uhai huangalia mbele: kwa idadi hii ya wachangiaji, umri wao, mishahara yao na faida inayopatikana, je, Mfuko utaweza kulipa ahadi zake miaka ishirini au hamsini ijayo? Mfuko unaweza kuwa na hati safi ya ukaguzi na bado tathmini ikaonesha kwamba viwango vya michango au kanuni za mafao zinahitaji kubadilishwa.

Fedha huwekwa wapi?

Njia kuu za uwekezaji ni tatu. Ya kwanza ni dhamana na hati fungani za Serikali, zinazouzwa kupitia Benki Kuu ya Tanzania. Ya pili ni amana za muda maalumu katika mabenki. Ya tatu ni majengo na vitega uchumi, ambavyo mkaazi wa Unguja huviona kwa macho yake: jengo la biashara la Michenzani Mall, nyumba za makaazi za Mbweni, na kiwanja cha kufurahishia watoto Kariakoo. Kisiwani Pemba kuna kiwanja cha aina hiyo Tibirinzi, Chake Chake.

Kila njia ina faida na hatari yake. Hati fungani huleta riba inayojulikana, lakini hati mpya hutolewa kwa masharti ya wakati wake. Hati ya miaka 25 iliyoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka 2022 riba ya hati mpya za muda huohuo ilishuka hadi asilimia 12.56. Amana za benki hupatikana kwa urahisi fedha zinapohitajika, ila faida yake kwa kawaida ni ndogo. Jengo hulinda thamani dhidi ya mfumuko wa bei, lakini haliuzwi kwa siku moja, na duka lisilo na mpangaji halileti kodi.

Kisiwa nacho kina hatari yake maalumu. Uchumi wa Zanzibar unategemea sana utalii. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia safari za ndege, hoteli zilikosa wageni. Katika hali kama hiyo wafanyakazi wa hoteli hukosa ajira na michango yao hukatika, na wakati huohuo wapangaji wa maduka hushindwa kulipa kodi. Mfuko uliojikita katika majengo ya kisiwani pekee hupigwa pande mbili kwa pamoja. Ndiyo maana busara hutaka fedha zigawanywe.

Hesabu ya mwaka mmoja

Tuchukue mfano. Shilingi milioni moja iliyowekezwa leo kwa faida ya asilimia 10 kwa mwaka, faida nayo ikiwekezwa tena, baada ya miaka 25 itakuwa takriban shilingi milioni 10.8. Kwa faida ya asilimia 6 itakuwa milioni 4.3 tu. Kama bei za bidhaa zitapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, kitu kinachouzwa milioni moja leo kitauzwa takriban milioni 3.4 wakati huo. Kwa faida ya asilimia 6, mwenye fedha ameongeza kidogo tu kuliko kulinda thamani ya akiba yake.

Sasa tuseme mwajiri amechelewesha mchango huo kwa mwaka mmoja. Kwa faida ileile ya asilimia 10, milioni moja ikifanya kazi miaka 24 hufikia milioni 9.8. Pengo ni karibu shilingi milioni moja, yaani karibu sawa na mchango wenyewe. Mchango uliocheleweshwa ukilipwa baadaye bila ya nyongeza, hasara hiyo itabebwa na Mfuko, na mwisho wake na wanachama.

Hapo ndipo Serikali inapokutana na kofia zake nyingi. Ni mwajiri mkubwa kuliko wote, ni mkopaji kupitia hati fungani, na ndiyo inayopendekeza sheria. Wanasheria wake ndio wanaoandika miswada, wanaopitia mikataba na kushauri kuhusu wajibu wa Serikali. Katika suala hili wao pia ni wanachama, na ushauri wao ukilegea, watakaoumia ni wao pamoja na wenzao.

Somo la kikokotoo

Upande wa Bara, kanuni za mwaka 2018 ziliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25, na malalamiko ya wafanyakazi yakawa makubwa. Mwezi Disemba mwaka huo Rais John Magufuli alizisitisha. Mwaka 2022 kiwango kiliwekwa asilimia 33, na bajeti ya mwaka 2024 ikatangaza kukipandisha hadi asilimia 40 kwa watumishi ambao zamani walipata asilimia 50. Somo lake linavuka bahari. Mabadiliko ya kanuni yanaweza kuwa na sababu za kitaalamu, lakini mwanachama anapoyasikia akiwa mlangoni mwa kustaafu, huyaona kama ahadi iliyovunjwa.

Wajibu wa mwanachama

Mwanachama asisubiri umri wa miaka 55 wa kustaafu kwa hiari au 60 wa lazima ndipo aulize habari zake. Aombe taarifa ya michango yake angalau mara moja kwa mwaka na ailinganishe na hati zake za mshahara. Akiona mwezi uliorukwa, aandike kwa mwajiri na kwa Mfuko, na nakala aiweke. Ahakikishe jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa vimeandikwa sawa katika hati zote, na kwamba wategemezi wake wanatambulika, kwani mjane na mayatima ndio wanaosumbuka zaidi kumbukumbu zinapopishana.