Njugu 17 ama 6? Kwa nini mguu wa kuku wa karao si ule wa raia

Cheki hii. Boti kutoka Amu imefika gati la Mtangawanda, kisiwa cha Pate. Maji yamejaa, utingo anarusha kamba, wasee wanashuka na magunia ya unga, mitungi ya gesi, kuku na watoto. Hapo gatini kuna karao wa sare, bastola iko kiunoni na kila mtu anaiona. Kwa foleni, nyuma yako, kuna jamaa wa shati la nje ya suruali. Ana biashara zake Mombasa, ana leseni, na chini ya hilo shati ana bastola ambayo hakuna anayeiona.

Wote wawili wamebeba mguu wa kuku. Pengine wote wanatumia risasi ileile, 9mm. Lakini wa karao unameza njugu 15 ama 17, na wa jamaa 6, ikizidi sana 10. Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni mambo ya ganji, ama gava imewanyima raia vitu vizuri. Zii. Ni kwa sababu hawa wawili hawana mboka moja.

Tuanze na chuma chenyewe. Risasi za bastola hukaa kwenye magazini, ile kasha inayoingia ndani ya mpini. Ndani kuna springi inayosukuma risasi juu, moja baada ya nyingine. Kama risasi zimepangwa mstari mmoja, mpini unakuwa mwembamba lakini unabeba chache. Zikipangwa kwa kupishana, zinaingia nyingi lakini mpini unanenepa. Browning Hi-Power ilitoka 1935 ikiwa na 13, na kwa wakati huo hiyo ilikuwa noma. Halafu Wacheki wakaleta CZ 75, ya 15 au 16 kutegemea toleo. Ndiyo kampuni iliyotupa neno "Ceska" ambalo unalisikia kila siku kwa habari za saa moja, hata kama bastola iliyopatikana ni ya kampuni nyingine. Mwaka 1982 jeshi la Austria likachagua Glock 17, yenye mwili wa plastiki ngumu na njugu 17. Weka moja zaidi kwenye chemba, unapata 18.

Sasa kwa nini karao anahitaji zote hizo? Kwa sababu raia akisikia milio anakimbia kwenda kule, na karao analipwa akimbie kuja huku. Hachagui saa, hachagui mahali, na hajui anaowafuata ni wangapi. Marekani walijifunza hili vibaya tarehe 11 Aprili 1986 huko Miami. Maafisa wanane wa FBI walikabana na majambazi wawili tu. Maafisa wengi walikuwa na bastola za silinda, zile za njugu 6 kama za filamu za kauboi, na mmoja wa majambazi alikuwa na bunduki ndefu. Maafisa wawili wakauawa, wengine wakajeruhiwa. Baada ya hapo polisi wengi kule wakaanza kuacha silinda na kuhamia bastola za magazini.

Na usidanganywe na filamu kwamba kila njugu inafika. Mwaka 2008 taasisi ya RAND ilichunguza polisi wa New York, watu waliofunzwa na wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kwenye matukio ambapo adui naye alikuwa anafyatua, ni kama risasi 18 tu kati ya 100 zilizompata waliyemlenga. Mikono inatetemeka, moyo unapiga ngoma, macho yanaona kitu kimoja tu. Piga hesabu hiyo kwa magazini ya 17: kama tatu ndizo zimefika. Zile 14 nyingine zimeenda wapi? Shika hilo swali, tutalirudia.

Kisha kuna jambo ambalo Nairobi hawalifikirii sana: msaada unafika saa ngapi? Pale CBD karao akipiga simu ya redio, gari linakuja. Mtangawanda ni habari nyingine. Boti zinafuata maji; yakipwa, mkondo wa Mkanda unageuka matope na mikoko, na nahodha hata umlipe doo mara mbili atakwambia subiri. Upande wa bara, ng'ambo ya ghuba, kuna kambi ya wanamaji ya Manda Bay, lakini hiyo si gari la doria la kukujia. Faza, makao makuu ya Lamu Mashariki, unafika kwa boda kupitia barabara za mchanga. Kwa hivyo karao wa huku akihesabu njugu, anahesabu pia dakika ambazo atakuwa peke yake. Ndiyo maana kiunoni utaona magazini mbili za akiba. Tatu za 17 na moja ya chemba ni 52. Na ukweli ni kwamba kaunti kama Lamu bastola si chuma chake kikuu: cha mkononi ni G3 yenye magazini ya 20, au AK ya 30. Bastola iko hapo siku bunduki imekwama, ama yuko ndani ya boti iliyobanana hawezi kugeuka na mtutu mrefu.

Turudi kwa jamaa wa shati.

Mtihani wake wa kwanza si jambazi, ni joto. Huku hakuna koti. Watu wanavaa kikoi, kanzu nyepesi, shati la pamba ambalo upepo wa kaskazi ukivuma linabandika mwilini. Glock 17 ikiwa imejaa inakaribia gramu 900, na njugu zenyewe zinachukua karibu gramu 200 hapo. Ifunge kiunoni, panda boda kutoka gatini hadi Siyu, halafu uinuke kuswali. Kila mtu msikitini atajua. Kitu kinachokuchoma si urefu wa mtutu, maana huo unaingia ndani ya suruali. Ni mpini, ule uliojaa risasi, unaochomoza nyuma ya shati kama nundu. Kwa hivyo wanaobeba kwa siri hukata mpini: ufupi zaidi, wembamba zaidi, njugu chache. Glock 43, kwa mfano, inabeba 6 na ikijaa ni kama gramu 600. Mwaka 2018 SIG ilitoa P365 ambayo ilibana 10 kwenye mwili mdogo karibu na huo, na tangu hapo kampuni zingine zimekuwa zikiifukuzia.

Lakini kuna bei. Kadogo si rahisi. Mpini mfupi unamaanisha kidole kimoja hakina pa kushika, bastola nyepesi inaruka zaidi mkononi, na mtutu mfupi unafanya shabaha iwe ngumu. Yaani una njugu chache na pia kila moja ni ngumu kuifikisha. Msee anayenunua ndogo kwa sababu inakaa fiti kiunoni, halafu haendi kulenga shabaha hata mara moja kwa mwaka, amejinunulia uzito tu. Kama ni kuchagua kati ya 6 unazozijua na 15 unazozificha kwa taabu, mimi ningesema 6, na mazoezi. Raia mwenye leseni hafuati mtu wala hashiki doria. Kazi ya ile bastola ni kumpa nafasi ya kutoka hapo akiwa hai, basi.

Na sheria inaona hivyohivyo. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haikupi bastola tu na kukuacha. Lazima uonyeshe sababu ya maana, na mlevi wa kupindukia ama mtu asiye na akili timamu hapewi. Cheti chako kinaandika aina ya silaha, na kinaandika pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na idadi unayoruhusiwa kuwa nayo kwa wakati mmoja. Soma tena hapo. Swali la "nibebe ngapi" linajibiwa na karatasi kabla ya duka. Unaweza kuwa na magazini kubwa ya kutisha, lakini njugu zikizidi zilizoandikwa, wewe ndiye mhalifu. Desemba 2018 gava iliamuru raia wote wenye silaha wakaguliwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha, na wakaanza kuandikishwa kidijitali, kwa hivyo zile za "cheti cha mzee nilikirithi" haziendi.

Karao naye anahesabiwa. Akitoa bastola ghalani kuna daftari, akirudisha njugu zinahesabiwa. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 linamtaka ajaribu njia zisizo za nguvu kwanza, na risasi ni kwa hali kama kuokoa maisha. Akifyatua, anaripoti, mtu akifa au kuumia vibaya, IPOA inaingia. Raia yeye anapimwa kwa Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumia kanuni za zamani za Uingereza kuhusu kujitetea: je, nguvu uliyotumia ililingana na hatari? Utajieleza kwa hakimu, risasi moja moja.

Hapo ndipo lile swali la njugu 14 linarudi. Risasi ya 9mm ikikosa haianguki pale miguuni. Inaweza kwenda zaidi ya kilomita. Ukuta wa matumbawe wa nyumba za kale za Pate pengine utaisimamisha, lakini gatini hakuna ukuta wa matumbawe. Kuna banda la makuti, mabati, na mwili wa boti, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo cha kujifichia nyuma yake. Na kuna watu. Kwa hivyo anayejisifu kwamba bastola yake inabeba nyingi, muulize kama anajua pa kuzipeleka zikikosa.

Westgate ilituonyesha pande zote mbili. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi wanne walipoingia na AK, waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwa maafisa wa nguo za raia pamoja na raia wenye leseni, wengi wakiwa na bastola tu. Watu 67 waliuawa kwenye shambulio hilo, na wengi wako hai kwa sababu ya hao wachache walioingia. Heshima yao. Lakini cheki walichofanya: walifunika njia, wakatoa akina mama na watoto, wakasonga kona kwa kona. Bastola ya 15 haishindani na bunduki ya 30 kwa umbali, na walioingia walijua. Halafu kukawa na ile shida nyingine: ndani ya moshi, mtu wa jinsi na fulana mwenye chuma mkononi anafanana na nani? Siku hiyohiyo iliripotiwa kwamba afisa wa kikosi cha Recce aliuawa kwa risasi ya upande wa wenzake.

Kwa mwenye kubeba kwa siri, hiyo ndiyo hatari ambayo idadi ya njugu haiitatui. Sare ya karao inaongea kabla yake. Shati lako haliongei. Lamu tangu Mpeketoni ishambuliwe Juni 2014 ni kaunti ya vizuizi, vya barabarani na vya gatini, na wanaosimama hapo wamezika wenzao. Ukifika kizuizini na una leseni, mikono ibaki mahali inaonekana. Sema kwa sauti ya kawaida: "Afande, mimi nina silaha ya leseni, iko upande wa kulia." Halafu usiiguse. Usiinue shati kumwonyesha. Cheti kiko mfuko gani, mwambie, yeye ndiye atasema nani anakitoa. Na kama milio imelia na umetoa bastola, ukiona sare tu, iweke chini.

Mwisho ni chumvi, na hii inawahusu wote wawili. Ukivuka ghuba upande wa upepo, maji yanakurukia hadi kwenye meno. Bastola ya kiunoni inakunywa hayo maji pamoja na jasho. Kutu haianzi nje ambako unaiona. Inaanza kwenye springi ya magazini na mdomo wake, na mchanga laini unamalizia. Springi ikigoma, bastola yako ya 17 ni ya 1, ile iliyo kwenye chemba. Wenye akili huku wana mfuko usioingia maji kwa safari ya boti, na jioni wanafungua, wanapangusa kwa kitambaa kikavu, wanapaka mafuta kidogo sana, maana mafuta mengi yanashika mchanga. Njugu zilizolowa maji ya bahari hazirudi ndani ya magazini. Wala hazitupwi mikokoni, maana mtoto anayeokota kaa ataziona. Zinarudishwa, ghalani kwa karao, kwa muuzaji mwenye leseni kwa raia, na idadi inaandikwa.