Raba za zamani zilivyotuumbua uwanjani

SOLI ilianza kumeguka robo ya tatu ikikaribia kumalizika. Mwanzoni nilidhani ni vumbi la sementi. Kisha nikaona vipande vyeupe, mfano wa muhogo mkavu, vimetapakaa chini ya kikapu, na kijana wangu anateleza kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi.

Hiyo ilikuwa Agosti 2024, katika uwanja wa shule moja mjini Tororo. Kijana huyo wa Kidato cha Nne ni mwanafunzi wangu hapa Kiyeyi. Pembeni alikaa kocha wa shule ya bweni iliyokuwa ikitafuta wachezaji wa kulipiwa karo ya Kidato cha Tano na cha Sita. Baba wa kijana hana uwezo wa karo hiyo. Kwa hivyo, msomaji, mechi ile haikuwa mchezo tu.

Raba alizovaa nilizinunua mimi.

Nililelewa ng'ambo ya pili

Wazazi wangu walivuka mpaka mwaka wa 1987, nikiwa na umri wa miaka sita, vita vilipopamba moto mashariki mwa Uganda. Nilisomea magharibi mwa Kenya hadi nikamaliza sekondari. Huko niliitwa Mganda. Niliporudi nyumbani na kushika chaki, wenzangu wakaniita Mkenya, na wengine wananiita hivyo hadi leo. Wasomaji waliorejea kama mimi wanajua ninachosema.

Nilichorudi nacho ni mpira wa kikapu. Shuleni tulicheza kwa raba za turubai zenye soli bapa, jozi moja kwa wachezaji wawili. Aliyetoka uwanjani alivua, aliyeingia akavaa, jasho la mwenzake likiwa bado bichi. Raba hizo zilifanana na zile za Converse All Star, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 1917, ambazo baadaye zilitiwa jina la mchezaji na muuzaji Chuck Taylor. Kwa miaka mingi wachezaji wakubwa wa Marekani walicheza kwa turubai na mpira tu, pasipo sponji ya maana kisiginoni.

Labda ndiyo sababu nilipoona viatu vya ngozi vyenye shingo ndefu katika soko la Busia, macho yalinitoka. Ni mtindo wa mwishoni mwa miaka ya 1980, ambao sisi tuliuona magazetini tu. Mama aliyeniuzia ananifahamu.

"Mwalimu, hii ni kamera," akaniambia, yaani chaguo la kwanza kutoka kwenye belo. "Haijavaliwa hata siku moja."

Nililipa Sh2,000 za Kenya, zaidi ya Sh50,000 zetu. Mama huyo hakunidanganya. Kweli viatu vilikuwa havijavaliwa, na hapo ndipo mtego ulipokuwa.

Kiatu huzeeka hata kwenye sanduku

Viatu vya aina hii huitwa retro, maana yake ni mtindo wa kale uliotengenezwa upya. Air Jordan ya kwanza iliingia madukani mwaka wa 1985, na ikatolewa upya kama retro mwaka wa 1994. Tangu hapo, kampuni nyingi zimekuwa zikirudisha mitindo yao ya zamani, na mingi hatimaye hufika kwetu kama mitumba.

Tatizo liko katikati ya soli. Viatu vingi vya mitindo hiyo vina tabaka la povu gumu linaloitwa poliurethani. Povu hili hubeba uzito vizuri na halibonyei upesi. Lakini hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu huo huvunja polepole viungo vinavyolishikilia. Joto huharakisha kazi hiyo. Kiatu kinaweza kukaa ndani ya sanduku miaka 15 au 20, juu kinang'aa, ndani kimekuwa chaki. Kontena baharini, ghala lenye joto na mvua zetu za masika huongeza madhara.

Baada ya mechi nilifunua ulimi wa kiatu na kusoma lebo ndogo ndani yake. Kilitengenezwa mwaka wa 2004. Kilikuwa na umri wa miaka 20, umri uliomzidi hata mvaaji wake.

Vilivyocheza kabla ya kufa

Nitakuwa mkweli. Siku mbili za mazoezi viatu vile vilimfaa. Kisigino kilikaa imara na alitua bila kulalamika. Lakini vilikuwa vizito, na ngozi yake nene ilimchoma miguu jua lilipokuwa kali. Soli ya chini ilikuwa na michoro ya mifupa ya samaki, ambayo hushika sana kwenye mbao safi. Kwenye sementi yenye vumbi la murram, mifereji ile hujaa na kiatu huteleza. Ilimbidi kupangusa soli kwa kitambaa chenye maji kila mpira uliposimama.

Shingo ndefu nayo ilinipa imani kuliko ilivyostahili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1993, uliohusisha wachezaji zaidi ya 600, haukuona tofauti kubwa ya kuteguka vifundo kati ya waliovaa shingo ndefu na waliovaa shingo fupi. Misuli iliyozoeshwa hulinda mguu kuliko urefu wa ngozi.

Hata Michael Jordan mwenyewe aliteswa na kiatu cha zamani. Machi 8, 1998, akiichezea Chicago Bulls mjini New York, alivaa jozi yake ya miaka ya mwanzo, iliyokuwa imembana. Alifunga pointi 42, lakini alipovua, soksi ilikuwa na damu. Ikiwa mfalme wa mchezo alitoka damu, mtoto wa Kiyeyi ni nani?

Dakika kumi za mwisho

Soli ya kulia ilipong'oka, nilimvua kijana viatu na kumpa raba zangu za turubai, zilizomzidi kipimo kimoja. Aliingia tena na kufunga vikapu vitatu. Lakini soli ile bapa haikumpa chochote cha kutulia. Kufikia kipenga cha mwisho alikuwa akichechemea, na kisigino kilimsumbua wiki mbili. Siku ya majaribio ya pili ilipofika, hakuweza kukimbia. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Wiki chache kabla ya hapo tulikuwa tumejibana mbele ya simu yangu kutazama Sudan Kusini ikiishinda Puerto Rico 90-79 katika Olimpiki ya Paris, Julai 28. Rais wa shirikisho lao, Luol Deng, alikimbia vita akiwa mtoto, akaishi Misri kisha Uingereza. Kijana aliniuliza, "Mwalimu, kwa hivyo mtu anaweza kutoka ukimbizini akafika pale?" Nilimjibu ndiyo. Kisha nikamvisha viatu vilivyooza.

Lawama ni yangu. Nilinunua ujana wangu, si kiatu chake.

Pima kabla ya kulipa

Kwa wenzangu mnaovuka Busia na Malaba kila wiki, someni lebo iliyo ndani ya ulimi au ubavuni, na mtafute tarehe. Kiatu cha povu kilichopita miaka 10 kinunuliwe kwa tahadhari. Bonyeza tabaka la katikati kwa kidole gumba. Likibaki na shimo au likitoa unga, kiache. Kunja kiatu mara kadhaa na usikilize. Kikilia kama jani kavu, kimekwisha. Angalia kama povu limegeuka manjano au limepasuka nyufa ndogo. Chenye soli ya mpira iliyoshonwa pembeni kwa kawaida hudumu zaidi kuliko cha gundi tupu. Retro iliyotoka kiwandani majuzi haina ugonjwa huu, ingawa nyingi bado ni nzito.

Fundi anaweza kubandika soli mpya, lakini gundi haishiki juu ya povu lililooza. Kwanza liondolewe lote.

Kijana alifanya mtihani wake akamaliza Kidato cha Nne. Sasa anamsaidia mama yule yule sokoni Busia kuchambua mabelo ya viatu. Nilimpitia Jumamosi moja. Alichukua raba nyeupe inayong'aa, akaikunja, akaisikiliza, akaitupa kwenye rundo la mapambo.

"Hii ni ya kupiga picha, Mwalimu," akasema. "Si ya kuchezea."

Jioni hucheza na vijana wa boda boda. Ninaweka akiba ya karo yake, kidogo kidogo. Safari hii viatu atachagua mwenyewe.