Kutembea Upya Baada ya Jeraha la Mgongo: Kutoka Wodini hadi Vichochoroni

Ugwe wa mgongo, yaani fungu nene la neva linalopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo na kupeleka amri za ubongo miguuni, ukijeruhiwa kwa ajali ya bodaboda, kwa risasi au kwa kuanguka kutoka juu ya jengo, hauungi kama mfupa unavyounga, na ndiyo maana matibabu hayaishii kwenye upasuaji. Linaloamua zaidi matumaini ya kutembea ni kiasi cha neva zilizonusurika. Hata hisia hafifu kuzunguka njia ya haja kubwa, ambayo wagonjwa wengi huona haya kupimwa, huonyesha kwamba jeraha si kamili, na mwenye jeraha la namna hiyo ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi kwenye miguu yake.

Mazoezi hujengwa juu ya jambo moja la ajabu: sehemu ya ugwe iliyo kiunoni ina mitandao ya neva iwezayo kuendesha mdundo wa hatua inapochochewa na unyayo unaokanyaga chini na nyonga inayonyooka, ijapokuwa amri za ubongo zinafika chache. Mitandao hiyo hufunzwa kwa kurudia tendo lenyewe, mgonjwa akianza kwa kusimama, kisha kupiga hatua kati ya vyuma viwili vya kushikilia, halafu kwa fremu, na hatimaye kwa magongo.

Wengi hudhani kikwazo cha Kenya ni ukosefu wa mashine za kumning'iniza mgonjwa kwa mikanda juu ya mkanda unaozunguka. Utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliochapishwa mwaka 2006 chini ya mtafiti Bruce Dobkin ulipolinganisha mafunzo ya mashine hizo na mazoezi ya kawaida ya kutembea sakafuni, kwa watu waliojeruhiwa karibuni na wenye jeraha lisilo kamili, haukuona kundi la mashine likilipita lenzake. Kinacholeta tofauti ni wingi wa hatua na mkono wa mtaalamu wa fiziotherapia, na hivyo vinaweza kupatikana Nairobi.

Ugumu huanza mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko upande wa Hurlingham, si mbali na mitaa ya mabanda ya Kibera na Kawangware, lakini kasi ya kutembea hupimwa kwenye mita 10 za sakafu laini, ilhali katika vijiji vya Kibera kama Gatwekera au Laini Saba mtu huteremka kwenye matope, huvuka mtaro ulio wazi juu ya ubao mmoja, na huingia choo cha kuchuchumaa ambacho hakina pa kushika. Mazoezi yasiyogusa mambo hayo, pamoja na kuinuka baada ya kuanguka, yameacha nusu ya kazi.

Kiti cha magurudumu nacho hakistahili kuitwa kushindwa. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo cha Kenya, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, hutengeneza viti humu nchini, na anayeweza kupiga hatua chache ndani ya nyumba huenda akahitaji kiti kufika barabarani huko Kawangware bila kuishiwa nguvu, huku akikagua matako kila siku ili vidonda vya mgandamizo visimrudishe wodini. Katika kichochoro ambacho kiti hakipiti, magongo hupita. Kwa hiyo wagonjwa wengi wa mitaa hii wangefaa kupewa vyote viwili.