Je, Wajua? Bahari ya Filamu Hukatwa Vipande

Je, wajua kwamba kwenye filamu, kuchora bahari kunagawanyika kirahisi kuliko kuitikisa? Sekunde moja ya filamu ina picha 24, hivyo tukio la sekunde kumi lina picha 240. Studio yenye kompyuta 240 huipa kila moja picha yake, na hakuna inayomsubiri mwenzake. Mwendo wa maji haukubali mpango huo. Huwezi kujua wimbi limefika wapi katika picha ya 51 kabla ya kumaliza hesabu ya picha ya 50. Kwa kuwa muda haugawanyiki, inabidi igawanywe bahari yenyewe: kipande hiki kwa kompyuta hii, kile kwa ile.

Je, wajua kwamba kanuni za hesabu hiyo ya mwendo wa maji zilikuwepo kabla hata sinema haijazaliwa? Mhandisi Mfaransa Claude-Louis Navier alizitoa mwaka 1822, na George Stokes, mzaliwa wa Ireland, akazikamilisha mwaka 1845. Ili kompyuta izitumie, maji hugawanywa katika visanduku vidogo vidogo. Ukipunguza upana wa kisanduku kwa nusu ili matone yaonekane vizuri zaidi, idadi ya visanduku huwa mara nane. Hatua za muda nazo huongezeka maradufu, maana maji hayatakiwi kuruka visanduku vingi kwa mkupuo. Jumla, kazi inakuwa mara 16. Hapo ndipo kompyuta moja huelemewa.

Je, wajua kwamba tatizo kubwa liko mipakani? Chukua mchemraba wenye visanduku 512 kila upande, jumla 134,217,728. Ukate vipande nane, kila kimoja kwenye kompyuta yake. Kila kipande kina visanduku 16,777,216 na kinapakana na wenzake kwa nyuso tatu, zenye visanduku 196,608, kama asilimia 1.2 tu. Tone lililo ukingoni lazima lijue upande wa pili kuna nini, kwa hiyo kila kompyuta hutunza nakala ya tabaka la jirani na kuisasisha kupitia mtandao katika kila hatua. Sasa kata vipande 64. Kila kimoja kinabaki na visanduku 2,097,152, lakini kipande cha katikati kina majirani pande zote sita, na visanduku vya mpakani ni 98,304, karibu asilimia 4.7. Hesabu imepungua mara nane. Mawasiliano yamepungua nusu tu. Ukizidi kukata, utafika mahali ambapo kompyuta zinangojana zaidi kuliko zinavyohesabu.

Na kuna mgandamizo, ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha ugumu wote. Kwenye hesabu za filamu, maji huchukuliwa kuwa hayabonyei kabisa. Ukiyasukuma pembe hii ya tangi, pembe ya mbali inapata habari papo hapo. Maana yake, mgandamizo wa kila kisanduku unategemea visanduku vyote vingine, hata vilivyo kwenye kompyuta ya mwisho kabisa. Kompyuta hukadiria, hupashana habari, husahihisha, kisha hurudia tena na tena kwa ajili ya hatua moja tu ya muda. Tena maji hayatulii mahali pamoja: yakimiminikia upande mmoja, kompyuta ya upande mkavu inakaa bure huku mwenzake akizidiwa.

Je, wajua kwamba kuna mtu aliyeiwaza kazi ya namna hii kabla kompyuta hazijaundwa? Mwingereza Lewis Fry Richardson, katika kitabu chake cha mwaka 1922 kuhusu utabiri wa hali ya hewa, alifikiria ukumbi mkubwa wenye watu 64,000, kila mmoja akihesabu sehemu yake ya ramani na kupokea namba kutoka kwa majirani. Msimamizi angewamulika kwa taa nyekundu ya waridi waliotangulia, na kwa taa ya buluu waliobaki nyuma. Mswada wake ulipotea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ukaja kupatikana miezi kadhaa baadaye nchini Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe.

Turudi kwenye sinema. Kwa filamu ya Poseidon ya mwaka 2006, ambamo wimbi kubwa linapindua meli ya abiria, kampuni ya Industrial Light & Magic ilishirikiana na Profesa Ron Fedkiw wa Chuo Kikuu cha Stanford kuifanya programu ya maji igawanye kazi moja kwa prosesa nyingi. Februari 2008, tuzo za sayansi na teknolojia za waandaaji wa Oscar zilitolewa kwa waundaji wa mifumo kadhaa tofauti ya maji na moshi wa kompyuta, wakiwemo Fedkiw na wenzake wawili.