Kamba inayoleta uzito kule angani

Creuseur anayeshuka shimoni anajua: kamba ni maisha. Hata wale wanaozunguka dunia ndani ya vyombo vya angani, siku moja maisha yao yanaweza kubebwa na kamba.

Kule juu mtu hasikii uzito wake, anaelea tu. Inaonekana mchezo, lakini mifupa isiyobeba kitu inalegea: ile ya kiuno na mapaja inapoteza karibu asilimia 1 kila mwezi. Na kwenda Mars ni miezi 6 hivi, kwenda tu.

Dawa yake batoto ba Butembo na Beni banaijua. Zungusha ndoo ya maji kwa nguvu, ipite mpaka juu ya kichwa: maji hayamwangike. Yanataka kwenda moja kwa moja, ndoo inayazuia, njo yanagandamana chini yake. Ni kusema, ukifunga vyombo viwili kwa kamba na kuvizungusha, watu ndani watasimama kwa miguu yao.

Juu ya nini kamba? Ukizungushwa mbio, unatapika. Ukizunguka mara 2 tu kwa dakika, kusudi upate uzito wa hapa duniani lazima uwe metre 224 toka katikati. Nani atajenga chombo kikubwa vile? Kamba ni nyepesi.

Septemba 1966, Wamarekani Charles Conrad na Richard Gordon walijaribu, ndani ya Gemini 11. Gordon alitoka nje kufunga kamba ya metre 30 kwenye chombo kingine, Agena. Kazi ndogo, lakini jasho lilimjaa machoni, Conrad akamwita arudi ndani. Kisha kamba yenyewe ikasumbua, ikarukaruka kama ile ya wasichana wanaocheza, mpaka ikatulia. Uzito waliopata haukufika hata sehemu moja ya elfu. Wao wenyewe hawakuusikia. Lakini kamera waliyoiachilia ilienda polepole mpaka nyuma ya chombo.

Shida ni kukatika. Februari 1996 kamba ya satelite moja ya Waitalia, iliyotengenezwa kwa kutafuta umeme, ilikatika ikiwa imefika kilometre 19: umeme ulipita pale ngozi yake iliharibika, ukaichoma. Creuseur angeuliza mara moja nani aliikagua. Satelite ikaenda zake. Hakukuwa mtu ndani.

Sasa mainjinia wanafikiria kamba ya nyuzi nyingi zilizounganishwa kama wavu, moja ikikatika zingine zibebe.