Pengo la Mfupa na Ramani ya Utafiti: Istilahi Zinazopendekezwa

Utangulizi

Katika miezi ya karibuni tumepokea maswali ya aina mbili ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayahusiani. La kwanza latoka kwa wafasiri wa maandishi ya hospitali, wanaotaka kujua waseme nini kuhusu mfupa uliopotewa na kipande chake. La pili latoka kwa walimu wa vyuo na watumishi wa Serikali, wanaoletewa taarifa zenye michoro ya nukta na nyuzi za rangi, wakaambiwa kwamba michoro hiyo ni ramani ya utafiti wa jambo fulani. Ikatokea kwamba taarifa moja tuliyopewa tuifasiri ilikuwa na yote mawili: ilichora ramani ya utafiti juu ya uzibaji wa mapengo ya mfupa kwa njia ya kuchanganua machapisho.

Tumeona vema tuyaeleze pamoja. Tulipokuwa tukiifanya kazi hiyo tulitambua kwamba ramani ya namna hii haichorwi kwa kitu kingine ila maneno na marejeo. Neno likikosewa, ramani nayo hupotoka. Na katika uganga, anayepotea njia kwa ajili ya ramani mbaya ni mgonjwa.

1. Jambo lenyewe

Mfupa una tabia ya pekee: ukivunjika hujiunga kwa mfupa mpya, wala hauachi kovu kama ngozi. Lakini uwezo huo una mpaka. Ajali ya pikipiki, uvimbe wa saratani au usaha uliokaa ndani ya mfupa huweza kuondoa kipande kikubwa kiasi kwamba ncha mbili haziwezi tena kufikiana. Mwaka 1986 Schmitz na Hollinger walitoa maelezo yanayotumika hadi leo: kuna ukubwa wa pengo ambao, ukifikiwa, mfupa hautalijaza wenyewe katika maisha yote ya mnyama.

Binadamu amejaribu kuliziba pengo hilo tangu zamani. Mwaka 1668 iliandikwa habari na Job van Meekeren, mpasuaji wa Uholanzi, juu ya askari aliyezibwa fuvu kwa mfupa wa mbwa. William Macewen wa Glasgow alimjengea mtoto mfupa wa mkono karibu na mwaka 1880 kwa vipande vya mifupa ya watoto wengine. Katika miaka ya 1950 Gavriil Ilizarov, huko Kurgan katika Siberia, alianza kutumia vyuma vya duara kuzitenga polepole ncha za mfupa uliokatwa, kiasi cha milimita 1 kwa siku, na mfupa mpya ukaota katikati. Mwaka 1965 Marshall Urist wa Marekani alionyesha kwamba mfupa uliotolewa madini, ukiwekwa ndani ya msuli, huufanya mwili uoteshe mfupa mahali pasipokuwa na mfupa. Mwaka 1993 Robert Langer na Joseph Vacanti walieleza fani mpya ya kuunda tishu, ambamo chembe hai huwekwa juu ya kitu cha kuzishikilia mpaka zijenge.

Pamoja na hayo yote, kipimo ambacho wapasuaji hulinganishia njia nyingine bado ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, aghalabu uliokatwa nyongani. Njia hiyo ina gharama mbili: mfupa wa kukata hautoshi kila mara, na mgonjwa hupata kidonda cha pili.

2. Maneno ya mfupa

Tuanze na lile tatizo lenyewe. Wengi huandika "kasoro ya mfupa". Neno hilo laleta maana ya ila, hasa ya kuzaliwa nayo, na mgonjwa aliyegongwa na gari jana hana ila yoyote. "Upungufu wa mfupa" nao humpeleka msomaji kwenye ugonjwa wa mifupa inayolika kwa uzee. Tunapendekeza "pengo la mfupa". Kila mtu ajua pengo la jino: palikuwa na kitu, sasa hakipo. Kwa ile hali iliyoelezwa mwaka 1986 twapendekeza "pengo lisilojiziba", kwa kuwa istilahi hiyo hujieleza yenyewe.

Tatizo kubwa zaidi ni "kipandikizi". Neno hilo limekwisha kutumika kwa mfupa hai unaohamishwa, na pia kwa chuma kinachofungwa kwenye mfupa. Tumeona wenyewe matokeo yake. Mama mmoja alitia saini hati ya ridhaa ya mwanawe iliyosema kwamba "kipandikizi kitawekwa mguuni". Yeye alielewa kuwa ni chuma, kama alivyowekewa jirani yake. Mtoto alipotoka chumba cha upasuaji, mama alikuta bandeji mbili, moja mguuni na nyingine nyongani, akauliza ni nani aliyetoa ruhusa ya kumkata mwanawe mahali pa pili. Mpasuaji alifanya kazi yake vizuri, naye mfasiri hakusema uongo. Kosa lilikuwa katika neno moja lililobeba mizigo miwili.

Kwa sababu hiyo twapendekeza mgawanyo. Mkulima apandikizapo mche autoa kitaluni akitarajia ushike mizizi. Basi "kipandikizi" kibaki kwa mfupa unaotolewa mahali pamoja na kuwekwa pengine. Kitu cha chuma au cha plastiki kiitwe "pachiko", kutokana na kupachika. Na katika hati za ridhaa haitoshi kutaja kipandikizi. Hapana budi pawe na maneno "kitakachokatwa kutoka nyongani mwako" au popote kitokapo.

Neno la tatu ni lile la kitu chenye vitundu ambacho chembe hai huketi juu yake. Baadhi ya wafasiri wameandika "kiunzi". Lakini "kiunzi cha mifupa" tayari ni mifupa yote ya mwili kwa jumla, na mwanafunzi atachanganyikiwa. Mafundi wa ujenzi hupanda juu ya jukwaa wajengapo ukuta, na ukuta ukisimama jukwaa huondolewa. Ndivyo ilivyo hapa: vitu vingi vya aina hii hutengenezwa ili viyeyuke mwilini mfupa unapokamilika. Twapendekeza "jukwaa la kuoteshea mfupa".

Mwisho, "ukarabati" ni neno la barabara na majengo. Lugha yetu inalo neno la zamani, kuganga, ambalo kamusi ya Johnson ya 1939 yalieleza kwanza kwa maana ya kufunga na kuunga kilichovunjika; na "gango" ni kitu cha kushikizia. Wapo wanaoliogopa kwa sababu ya ramli na hirizi, ingawa Tanzania haioni haya kuwa na Mganga Mkuu wa Serikali. Tunaona neno la jumla liwe "ugangaji wa mfupa", na chini yake yatofautishwe matendo matatu: kuunga (ncha zinazofikiana), kuziba (pengo linalojazwa) na kuotesha (mfupa mpya unaofanywa ukue).

3. Namna ramani inavyochorwa

Kuhesabu machapisho ili kuijua elimu ilikoelekea si jambo geni. Mwaka 1917 F. J. Cole na Nellie Eales walihesabu maandishi ya anatomia linganishi tangu mwaka 1550 hadi 1860, wakachora michirizi ya kupanda na kushuka kwake. Mwaka 1955 Eugene Garfield alipendekeza faharasa ya sayansi inayoonyesha ni nani aliyemtaja nani, na faharasa hiyo ikaanza kutolewa kwa ukamilifu katika miaka ya 1960. Mwaka 1969 Alan Pritchard aliipa fani hii jina lake la Kiingereza. Sisi twaiita "upimaji wa machapisho".

Kazi yenyewe huenda kwa hatua. Mtafiti huchagua kanzidata, kama vile Web of Science, Scopus au PubMed. Huandika maneno ya kutafutia, na kompyuta humletea taarifa za makala zote zenye maneno hayo. Huondoa zilizojirudia, huyasawazisha majina, kisha huhesabu: makala ngapi kila mwaka, kutoka nchi zipi, kwa maneno yapi. Hatimaye programu kama VOSviewer, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Leiden, au CiteSpace, ya Chaomei Chen, huchora ramani.

Hatua ya kusawazisha ndiyo inayotuhusu sana sisi. Mwandishi mmoja akiandika "uchapaji wa pande tatu" na mwingine "utengenezaji wa tabaka kwa tabaka", kompyuta huona mambo mawili palipo na jambo moja. Isiposahihishwa, mkondo wenye nguvu hugawanyika ukaonekana vijito viwili dhaifu.

4. Maneno ya ramani

Wafasiri wengi hutumia "dondoo" kwa kule kutaja kazi ya mwingine. Dondoo ni maneno yaliyonukuliwa, na mtu aweza kuitaja kazi bila kudondoa hata neno. Mwaka 1970 Derek de Solla Price aliona haja ya kutenganisha kile ambacho makala inatoa na kile inachopokea. Kiswahili kinao mnyambuliko wa kutosha kwa jambo hilo: makala mpya hurejelea, makala ya zamani hurejelewa.

Faida yake huonekana mbele zaidi. Makala mbili za leo zikimtaja Urist wa 1965, zina udugu. Uhusiano huo, alioueleza M. M. Kessler mwaka 1963, twauita "kurejelea pamoja". Makala moja ya leo ikimtaja Urist na pia Langer na Vacanti, wazee hao wawili wameunganishwa na mjukuu. Uhusiano huu, ulioelezwa mwaka 1973 na Henry Small na pia Irina Marshakova, twauita "kurejelewa pamoja". Wa kwanza haubadiliki makala zikisha kuchapwa. Wa pili hukua mwaka hadi mwaka. Tofauti ni sauti moja tu, basi wasahihishaji wa chapa wawe macho.

Kuhusu mchoro, tulishawishika kutumia "kifundo" na "kiungo" kwa sehemu zake. Lakini katika maandishi ya mifupa maneno hayo yana wenyewe: kuna kifundo cha mguu na kiungo cha goti. Twapendekeza "nukta" na "uzi". Nukta zilizosongamana ziitwe "kishada".

5. Ramani isivyoonyesha

Ramani za ugangaji wa mfupa za miaka ya karibuni zimeonyesha vishada vya majukwaa yaliyochapwa kwa pande tatu, vya mishipa mipya ya damu, na vya chembe za kinga ya mwili. China na Marekani hutangulia mara nyingi kwa idadi. Mtumishi wa Serikali anayegawa fedha za utafiti aweza kuona hapo jibu lake. Tunamsihi asubiri.

Kwanza, kurejelewa si kusifiwa. Protini ya kuotesha mfupa, iliyotokana na kazi ya Urist, iliruhusiwa Marekani mwaka 2002 kwa upasuaji wa uti wa mgongo. Mwaka 2011 Eugene Carragee na wenzake walichapisha uchunguzi wao kwamba madhara yalikuwa mara 10 hadi 50 kuliko ilivyokadiriwa na majaribio ya awali yaliyogharimiwa na kiwanda. Majaribio hayo hurejelewa na wanaoyakosoa pia, na nukta yake hunenepa vilevile.

Pili, ramani huonyesha lugha zinazosomwa na kanzidata. Ilizarov alitibu wagonjwa kwa miaka thelathini hivi kabla ya kuwahutubia madaktari wa Italia mwaka 1981. Katika muda huo mapengo yalizibwa Kurgan, lakini aliyetazama maandishi ya Magharibi asingeona kitu. Hali kadhalika taarifa za wilaya zetu zilizoandikwa kwa Kiswahili hazina nukta, japo wagonjwa wake wapo.

Istilahi zinazopendekezwa

Pengo la mfupa: mahali palipopotewa na mfupa kwa ajali, ugonjwa au upasuaji.
Pengo lisilojiziba: pengo ambalo mwili hauwezi kulijaza wenyewe.
Kipandikizi: mfupa unaotolewa mahali pamoja na kuwekwa pengine.
Pachiko: kitu kisicho hai kinachowekwa mwilini.
Jukwaa la kuoteshea mfupa: kitu chenye vitundu kinachoshikilia chembe hai zijengapo mfupa.
Upimaji wa machapisho: uchunguzi wa elimu kwa kuhesabu maandishi na marejeo yake.
Kurejelea pamoja: hali ya makala mbili kutaja kazi moja.
Kurejelewa pamoja: hali ya kazi mbili kutajwa na makala moja.
Kishada: nukta za ramani zilizo karibu kwa maana.

Hitimisho

Istilahi hizi ni mapendekezo. Twawaomba walimu wazijaribu darasani, na wafasiri watueleze zinapokwama, hasa "pachiko" na "jukwaa", ambayo tunajua yatapingwa. Lakini wenye kuandika hati za ridhaa wasingoje tumalize mjadala. Kuanzia leo waseme waziwazi mfupa utakatwa wapi.