Kunde ya miaka 2,300 haitibu kisukari

Utafiti wa Kakapel ulichapishwa mwaka 2024 katika jarida la Proceedings of the Royal Society B, na hadi leo maswali yanaendelea kuingia kutoka Nyeri, Karatina na Nanyuki. Karibu yote yanauliza jambo lile lile: je, ni kweli wanasayansi wamethibitisha kwamba wimbi na kunde za mababu zinaponya kisukari? La. Hawakulichunguza hilo wala hawakulitamka. Walichokipata ni kitu kingine, na kinasisimua kuliko porojo zinazotangazwa kwa vipaza sauti sokoni.

Kakapel ni hifadhi ya mwamba yenye michoro ya kale katika Kaunti ya Busia, karibu na Mlima Elgon. Watu wameitumia kwa takriban miaka 9,000. Natalie Mueller wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Steven Goldstein wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Emmanuel Ndiema wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao walipata humo mbegu za kunde za miaka 2,300 iliyopita, wimbi la angalau miaka 1,000, mtama, na njegere iliyoungua. Kunde asili yake ni Afrika Magharibi, na huenda ililetwa na wasemaji wa lugha za Kibantu walipokuwa wakisogea huku. Njegere asili yake ni Mashariki ya Kati.

Mbegu inadumuje ardhini miaka 2,300? Kwa kuungua, lakini kuungua nusunusu. Ikibaki mbichi huoza au huliwa na wadudu. Ikiteketea kabisa huwa jivu. Inayosalia ni ile iliyoponyoka mkononi mwa mpishi ikaangukia pembezoni mwa moto, ikafunikwa na majivu, hewa ikapungua, ikageuka kaa. Kaa haliliwi na bakteria wala kuvu. Umbo lake hubaki, hata kile kidoa cha ubavuni ambapo kunde ilishikamana na ganda lake huweza kuonekana kwa hadubini.

Kuipata ni kazi ya maji. Udongo humiminwa kwenye pipa la maji na kukorogwa taratibu. Mawe na vigae huzama, makaa mepesi huelea na kunaswa kwenye kitambaa chenye matundu madogo sana. Kisha huanikwa kivulini na kuchambuliwa punje kwa punje. Hapo ndipo watafiti makini wanapotofautiana na wazembe, kwa sababu panya na mchwa huhamisha vitu ardhini: punje ya mwaka jana inaweza kutumbukia kwenye shimo la panya na kulala kando ya chungu cha kale. Kwa hiyo haitoshi kupima umri wa tabaka la udongo. Hupimwa mbegu yenyewe. Mmea ulio hai huvuta kaboni-14 kutoka hewani. Ukivunwa, uvutaji hukoma, na kila baada ya miaka 5,730 nusu ya kaboni hiyo huwa imetoweka. Siku hizi punje moja yatosha kupimwa.

Ila njia hii ina upofu wake. Nduma, viazi vikuu na ndizi haviachi punje ngumu za kuangukia motoni. Ndizi hutafutwa kwa vijiwe vya silika ambavyo jani lake hutengeneza, vyenye umbo la mlima uliokatwa kilele, navyo huonekana kwa hadubini tu. Anayekuambia sayansi imeonyesha mababu waliishi kwa nafaka peke yake anakudanganya.

Na hapa ndipo ninapochoshwa. Unga wa wimbi ule ule unaopimwa kwa gorogoro pale Karatina unatiwa kwenye mkebe, unabandikwa maneno “chakula cha kale”, bei inapanda mara kadhaa na mgonjwa anaambiwa aache vidonge. Huo ni uhalifu dhidi ya mgonjwa. Wimbi ni chakula kizuri, lina kalisi nyingi na nyuzinyuzi, lakini sehemu kubwa yake ni wanga, na uji wa unga laini hupandisha sukari mwilini. Mbegu iliyoungua inatuambia kilichofika jikoni. Haituambii aliyekula aliishi miaka mingapi wala alikufa kwa maradhi gani. Hata githeri ninayoambiwa kila mara kwamba ililiwa tangu enzi za Gikuyu na Mumbi ina mahindi na maharagwe, mazao ya Amerika, sawa na waru. Mahindi yalifika pwani ya Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao. Hilo haliifanyi githeri kuwa mbaya.

Ushauri ni mfupi. Usiache dawa ya kisukari bila daktari kukuambia. Pima sukari. Kula wimbi, kunde na njahi kwa kiasi. Chachusha uji na loweka mbegu za jamii ya kunde, maana hilo hupunguza asidi ya fitiki inayozuia madini ya chuma yasifyonzwe.

Nyeri nayo ina historia yake ardhini. Ripoti ya Ari Siiriäinen, mwanaakiolojia kutoka Finland, kuhusu makazi ya Enzi ya Chuma ya Gatung'ang'a ilitoka mwaka 1971, na ndani yake alijadili suala la Wagumba, watu wa kale wanaotajwa katika masimulizi ya Wakikuyu. Mashamba ya eneo hili yanachimbwa kila msimu kwa misingi ya nyumba, mashimo ya vyoo na mitaro ya maji. Ukikuta tabaka la majivu lenye vigae vya vyungu, simamisha jembe, usioshe chochote, usiuze chochote, na upeleke habari katika Makavazi ya Nyeri pale Ruring'u.